Kipande Kilichobaki Wazi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, mvua ikiwa imepumzika kidogo.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu na za kila anayekukumbuka hapa, nao si haba. U hali gani huko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa unakohoa kama gari bovu, ukanidanganya eti ni vumbi la kazini. Kunywa vitu vya moto, vaa sweta, na usijifanye kijana. Kwenye zile picha ulizotuma nimeona mvi zimeanza kukuumbua. Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula vizuri, anatembea kwa fimbo, na bado anagombana na kuku wake kila asubuhi kana kwamba siku moja watamwomba radhi. Mioyo ndiyo haijatulia, wake na wangu.

Nilipokupigia kukuambia kwamba mjomba ametutoka, ulilia, nikalia, kisha simu ikakatika. Hukupata kusikia amekufaje, nami sikutaka kulisema jambo lile kwa kupiga kelele za "unanisikia, unanisikia?" Ndiyo maana leo nimekaa chini na kalamu. Tena nina ombi, na linahusu kipande chako, kile alichokugawia marehemu baba, kati ya kilima na nyumba ya mama. Nakuambia mapema ili usisome barua yote ukijiuliza huyu dada anazunguka wapi.

Ulipoondoka kilima kilikuwa kipara. Baadaye vikundi vinne viliamua kukiokoa: wafuga nyuki wa mjomba, wafugaji wa ng'ombe, kamati ya maji, na sisi kina mama wa kitalu cha miche. Mimi ndiye katibu wa kina mama. Tukaungana, tukapanga chumba nyuma ya duka la mbegu, chenye madirisha mawili ambayo moja halifunguki. Kila kikundi kilileta viti vyake vya plastiki na kuandika jina lake mgongoni mwa kiti kwa rangi, na ole wako ukalie kiti cha wenzako. Mwenyekiti tulimchagua yule karani mstaafu, ambaye siku hizi tunamwita Bwana Ajenda. Yule hawezi hata kuitikia salamu kabla haijapitishwa na kikao.

Tuligawana kilima sehemu nne. Sasa wewe unajua watu na mipaka. Ukipanda mti karibu na ardhi ya mtu, hata kama nia yako ni nzuri kiasi gani, utaambiwa umeanza kuidai. Basi kila kikundi kilipokaribia mpaka wa jirani kilirudi nyuma hatua kadhaa, kwa heshima. Wafuga nyuki walirudi nyuma, wafugaji wakarudi nyuma, kamati ya maji hivyo hivyo, na sisi kina mama tukarudi nyuma zaidi maana tulitaka tuonekane wenye adabu kuliko wote.

Tulimaliza tukipongezana. Hakuna aliyegombana na mtu. Watu wa vilima vya jirani walikuja kujifunza kwetu jinsi vikundi vinavyofanya kazi bega kwa bega, wakapiga picha, na Bwana Ajenda akavaa tai. Ukisimama barabarani uliona kilima chote kimevaa kijani, na katikati ya kijani njia tatu tupu zimeshuka kutoka juu mpaka chini, kama kichwa kilichochanwa. Tulizitazama kila siku. Tulijisifu kwamba ndiyo alama ya amani yetu.

Mvua kubwa zilipokuja, maji yote ya kilima yalishukia humo. Njia mbili zilichimbika kidogo tu. Ile ya katikati ikawa korongo, na korongo lile likaja moja kwa moja mpaka kwenye kona ya kipande chako, likaanza kula ardhi kandokando ya uzio wako.

Kikao kilichofuata sitakisahau. Kwanza tulitupiana mpira, wote tukisema kwa pamoja. Kisha akasimama kiongozi wa wafugaji, lile pande la mtu lisilo na haraka tunaloliita Taratibu, akasema, "Mimi pale sikupanda kwa kuwaheshimu nyinyi." Mwenzetu mmoja, tunayemwita mama wa kitalu, akamjibu, "Na sisi si tuliwaheshimu nyinyi!" Mtu mmoja akacheka, tukacheka sote, halafu kicheko kikakauka mdomoni maana tulielewa tumefanya nini.

Siku hiyo tulikubaliana kwamba kila kikundi kivuke mpaka. Wafugaji wakapanda nyasi upande wetu, sisi tukapanda miche upande wa nyuki, na kamati ya maji ikatufundisha wote kupanga vizuizi vya mawe ndani ya korongo ili maji yapunguze kasi. Ungetuona ungecheka. Tulisimama mstari mmoja tukipokezana mawe, na Bwana Ajenda alivua tai akabeba mpaka akatoka malengelenge. Kwa mara ya kwanza nilihisi tumekuwa kitu kimoja. Tulianzia juu tukateremka, kizuizi baada ya kizuizi, mpaka tukafika kwenye uzio wako. Hapo tukasimama.

Unayakumbuka maneno yako ya siku ya kuondoka? Ulisimama mlangoni na begi begani, watu wamejaa uani, ukasema, "Mtu asiguse kipande changu mpaka nirudi." Ulisema unacheka. Mjomba hakucheka. Juma lile lile alikata miti akazungushia uzio, na tangu hapo alikuwa akiukarabati kila fito ilipooza. Kuku wa mama wakiingia, aliwafukuza kama wezi.

Nilikupigia simu, na hili unalikumbuka. Nilikuuliza kama tunaweza kuingiza mawe na nyasi. Ukaniambia, "Tutaliongea nikija, dada." Nilijua unawaza nyumba yako, ile uliyonichorea nyuma ya bahasha, yenye baraza kubwa mbele. Mjomba alikuwa ameketi pembeni yangu akingoja jibu. Nilipomwambia akasema, "Basi tungoje. Mwenye mali keshasema." Nilimwomba mama aamue, akasema kipande si chake. Mimi nilitamani kuamua, lakini nani angenisikiliza?

Sasa nikuambie alivyokufa. Korongo lilikuwa linasogea kwenye mizinga yake huko kilimani, akaamua kuihamishia huku kwa mama. Njia salama ilikuwa moja, kukatiza ndani ya kipande chako, penye ardhi ngumu. Lakini ndani ya uzio hapiti mtu, na aliyeweka sheria hiyo ni yeye. Kwa hiyo akawa anapita kwenye kichochoro kilichobaki nje, kati ya uzio na ukingo wa korongo, mzinga begani. Mizinga ya kwanza ilifika salama. Mama akamwambia apumzike, udongo bado umeloa. Akarudi kuchukua mwingine, na ukingo ukamomonyoka naye.

Mama ndiye aliyesikia. Alipiga kelele, watu wakatoka kila upande, vikundi vyote vinne, na siku hiyo hakuna aliyeuliza nani wa nani. Walichimba kwa majembe na kwa mikono. Ili wamfikie upesi ilibidi wapitie ndani kwako, na hata hapo, mdogo wangu, wakati mjomba yuko chini ya udongo, mtu mmoja aligeuka akaniuliza kama uzio uvunjwe. Niliuvunja mimi mwenyewe kwa teke. Tulichelewa. Kina mama walimfunika kwa shuka, na nyuki walizunguka pale mpaka jua likazama.

Baada ya mazishi nilitoka uani nikamkuta Taratibu anaurudishia uzio. Peke yake, nyundo mkononi, machozi yanamtoka. Nilitaka kumpigia kelele. Nilishindwa. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mwisho anayoweza kumpa mjomba.

Ningekuandikia kwamba sikulaumu, lakini hukuanza kunijua leo wala jana. Nilikulaumu. Nilikulaumu sana, mpaka nikawa nikiona picha yako ukutani naigeuza. Kisha nikailaumu mvua, nikamlaumu mjomba kwa ukaidi wake, nikajilaumu mimi kwa kukata simu upesi siku ile, na mwisho nikachoka. Picha nimeigeuza tena. Inatutazama.

Sasa korongo limeingia ndani kwako na kuelekea jikoni kwa mama. Ukuta wa nyuma umepata ufa ambao mkono wangu unapita. Mama amehamishia masufuria chumbani, analala nayo, na usingizini tunasikia udongo unadondoka. Nimemsihi ahamie kwangu mjini, ninakolala siku za kazi. Amekataa katakata. Anasema, "Nikihama, huyo mtoto akirudi atanikuta wapi?" Kwa hiyo usidhani kwamba yuko pale kwa sababu ya nyumba. Yuko pale kwa ajili yako.

Ombi langu ni kwamba vizuizi vipite katikati ya kipande chako, na nyasi, na miti pande zote mbili. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: vikishapita, hapo hapajengwi tena, wewe wala watoto wako. Ile nyumba ya baraza kubwa haitakuwepo. Najua umelala vyumba vya watu miaka yote hiyo ukiiwazia, na inaniuma kukuandikia hivi. Nyuma ya nyumba ya mama pana nafasi ya vyumba viwili vidogo, ukivumilia kunisikia nikikoroma ninapokuja kulala. Ukikataa, kipande hakitakuwepo vile vile. Mvua zijazo zitakichukua, kwanza chako, halafu jiko, halafu nyumba na aliyemo.

Kila Jumamosi vikundi vyote vinakuja. Wamerundika mawe nje ya uzio wako, rundo limempita mama kwa urefu. Wanakaa juu yake, wanachanganyika, siku hizi kila mtu anakaa popote. Wanauliza, "Kijana kasemaje?" Nawaambia bado. Wanapumzika kidogo, wanachukua majembe yao, wanaondoka bila kuyatumia.

Usinijibu kwa barua ndefu. Bwana Ajenda usimwambie kitu, ataliitishia kikao. Piga simu ya mama siku ya Jumamosi asubuhi, wakiwa wamekaa pale. Nitaiweka kwenye spika, nawe waambie neno moja tu, "Vukeni." Hawataki kulisikia kutoka kwangu.

Mama anakusalimu na kuuliza kama unakula. Shangazi anakusalimu, Taratibu anakusalimu, na mama wa kitalu anasema amekutengea miche mizuri, hakusema ya kazi gani. Kuku hawakusalimu, hawana adabu. Salamu za mjomba, zilizokuwa zikitangulia barua zangu zote, mwaka huu hakuna wa kunituma nizilete. Mwenyezi Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akuponye kifua, na akuelekeze ulimi.

Lango la uzio wako bado limefungwa kwa kamba ya mjomba, fundo lake lile lile. Nimejaribu kulifungua mara moja, vidole vikakataa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Dada Mkubwa