Jenerali Aliyeomba Msamaha Bandani Kwangu

Jumatatu, 7 Julai
Banda la video limejaa tena. Vijana wanataka mpira. Wazee wa Koboko, wengi askari wa zamani, wanataka makala za vita: waone wakubwa wakitoa amri ngumu, halafu wabishane nani alikosea. Mimi nashika kipaza sauti, nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Kiingereza nilijifunza redioni. Nikikwama, natafsiri sura ya mtu.

Leo kwenye skrini yuko jenerali wa kizungu, mzee sasa. Zamani, kwenye theluji, aliacha kikosi kimoja darajani ili jeshi zima liokoke. Akaulizwa kama anajuta. Akajibu angefanya vilevile tena.

Mbele yangu Mzee Rajabu. Jeshi letu lilipokimbia, kamanda wake naye alimwacha darajani, yeye na mdogo wake. Mzee akarudi peke yake, bila mdogo wake. Kamanda huyo sasa analima Manibe, kule nje ya Arua. Hawajaonana tangu siku ile.

Nikamwona Mzee Rajabu ameinamia skrini, anangoja jibu. Nikasema kwenye kipaza: "Najuta. Naomba wale vijana wanisamehe."

Nikajiona mtu mwema. Mjinga mimi.

Jumatano, 9 Julai
Jenerali wangu ameenea mji mzima. Mzee Rajabu anamuuliza kila anayepita: "Kama mzungu aliomba msamaha, huyu kamanda yetu atashindwa?" Anataka kwenda Manibe. Mkewe amemfulia kanzu.

Nimwambie ukweli. Kesho.

Alhamisi, 10 Julai
Sikumwambia.

Ijumaa, 11 Julai
Baada ya swala alipanda gari la Arua. Kanzu nyeupe, jogoo kwapani, zawadi ya kamanda. Wapiga debe wakamtania: "Mzee, iko naenda kuoa?"

"Naenda kusikia neno moja tu."

Nilikuwa karibu kabisa. Ningeweza kumvuta mkono. Badala yake nikamfungia mlango wa gari, kwa adabu.

Jumamosi, 12 Julai
Amerudi. Mkewe ndiye aliyekuja kunieleza. Kamanda alimpokea vizuri: kiti, chai. Mzee akauliza kama anajuta. Kamanda akasema bila kikosi kile darajani wote wangekufa, na hata leo angetoa amri ileile.

Jibu la jenerali lenyewe, karibu neno kwa neno. Na kamanda hajawahi kukanyaga bandani kwangu.

Jogoo amebaki Manibe.

Miaka yote hiyo mzee hakwenda kuuliza, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumnyima neno lile. Mimi ndiye niliyemtuma akanyimwe.

Jumapili, 13 Julai
Sikufungua banda. Nimesema jenereta mbovu. Uongo mwingine, huu angalau haumpandishi mtu gari.

Jumanne, 15 Julai
Nilikwenda kwake kusema yote. Alikuwa uani akibambua karanga. Akanisogezea kigoda. Nikafungua mdomo, akanitangulia.

"Huyu yetu, wacha. Roho yake iko jiwe. Lakini ule mzungu, eh! Ule ni mutu kabisa. Tangu siku ile mimi nalala vizuri."

Nikachota karanga na mimi. Tukabambua karanga mpaka ungo ukajaa.

Wakati wa kuaga akaomba Ijumaa niiweke tena makala ile. Mkewe naye anataka kusikia. "Yote, mwanangu. Usiruke kitu."

Nimekaa hapa. Najaribu kukumbuka nilisema maneno gani hasa.