Mume Wangu Analia Kiharusi, Kumbe ni Sindano ya Saluni

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie upesi kabla wifi yangu hajagundua, maana yule mama tangu aje hapa kuniuguza ananikagua kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na shuleni ndiye ninayesimamia nidhamu, na miaka yote sijawahi kushika fimbo kwa sababu uso wangu ulitosha, nikiukunja tu darasa zima linanyamaza, mpaka siku moja nikiwa chooni nikasikia wasichana wawili nje wakisema Mikunjo leo kaamka vibaya, ndipo nikajua kumbe Mikunjo ni mimi, na wala sikukasirika mshauri, niliumia, nikarudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo nikaona kweli paji la uso limepigwa mistari kama daftari.

Msusi wangu akaniambia dawa ipo, sindano ya kulegeza misuli ya uso, mastaa wote wanachoma, inauma kama mbu tu, na yeye amejifunza kwenye video. Kichupa alikitoa kwenye friji ya saluni, kilikaa kati ya soda na mafuta ya nywele, maandishi yamefutika. Nikamuuliza kama ni salama, akanijibu, “Dada, uso ni misuli tu.” Basi nikalala kwenye kile kiti cha kuoshea kichwa, akanichoma paji la uso, akanichoma pembeni mwa macho, na dawa iliyobaki akanimalizia shingoni, eti isiharibike.

Mwanzoni paji lilinyooka kama shuka iliyopigwa pasi, nikafurahi, kisha kope ya kushoto ikaanza kushuka yenyewe, tukiwa kikaoni mwalimu mkuu akadhani namkonyeza, akakohoa akahamia kiti cha mbali, na darasani nako nikikunja uso hakuna kinachokunjika, watoto wanaendelea na soga zao.

Mume wangu ni fundi wa friji, mpole, si mtu wa maneno mengi. Aliponiona jicho limelala na mdomo umeenda upande, begi la vifaa lilimponyoka mkononi, akasema, “Mama watoto, umepata kiharusi.” Nami badala ya kukataa nikanyamaza, na kunyamaza kukawa ndiyo. Alilia mshauri, mtu ambaye hakulia hata siku anamzika baba yake. Nikakataa kwenda hospitali, nikasema naogopa wodi, akaenda duka la dawa akaeleza anavyojua yeye, akarudi na vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi, na kila siku ananisimamia mpaka nimeze. Ameacha kazi kubwa ya kufunga majokofu nje ya mji, akamwita dada yake aje aniogeshe, na wifi ananiogesha kweli, mimi mwenye mikono yangu mizima.

Sasa chakula kimeanza kunikwama kooni, nikinywa maji yanatokea puani, sauti imebadilika na shingo inachoka kubeba kichwa. Msusi anasema nirudi anichome tena upande wa kulia ili uso ulingane. Je, nirudi nikalinganishwe, au nitulie hivihivi mpaka dawa iishe mwilini bila mume wangu kujua? Nikimwambia ataniacha? Namba yangu iko nyuma ya karatasi, tafadhali usimpe mtu.

Mimi, Mikunjo Iliyopotea

JIBU

Mikunjo dada yangu, barua yako niliisoma nikinywa chai, nikacheka mpaka nilipompita mwalimu mkuu na kiti chake. Nilipofika kwenye maji yanayotokea puani, kikombe nikakiweka chini. Sikungoja gazeti litoke, nikapiga ile namba.

Ukapokea kwa sauti ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya ndoo, ukaanza kunieleza habari za ndoa. Nikakukatiza: “Nenda hospitali sasa hivi, na uwaambie ni sindano, si kiharusi.” Ukaniuliza kama unaweza kumaliza kwanza kusahihisha mitihani. Koo limelegea, pumzi iko njiani kulifuata, wewe unawaza alama za watoto.

Bahati yako wifi alikuwa mlangoni. Alichukua simu akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia, nikamweleza na habari ya sindano, akasema, “Nilijua. Mgonjwa wa kiharusi gani anajifunga vishikizo vya mgongoni mwenyewe?” Hakukutukana. Alikuvisha viatu, akakupeleka. Unamwita mkaguzi wa samaki, na ndiye aliyekuwahisha. Ninavyosikia kutoka kwake, madaktari wamekulaza ili wakuangalie pumzi, unalishwa kwa mpira, na vile vidonge vya mumeo wamevisimamisha palepale. Mtu asiye na kiharusi anameza dawa ya kiharusi kila siku ili asionekane mwongo. Ungejikwaa bafuni ukagonga kichwa, damu ingekataa kusimama, na mumeo angejiona yeye ndiye aliyekuua.

Sasa nisikilize. Ulichochomwa ni sumu. Kazi yake ni kukata mawasiliano kati ya neva na misuli, neva ikiita msuli hausikii. Daktari aliyesomea, akijua kipimo na mahali, anaigeuza dawa. Ikitoka kwenye friji ya soda inabaki sumu, na sumu haijui kwamba ulitaka paji la uso tu ukaacha koo. Ikishashika hakuna wa kuichomoa, utaingoja iishe yenyewe, na inaweza kuchukua miezi. Ungerudi kwa msusi wako ungelingana kweli, kulia na kushoto, ndani ya sanduku.

Wasichana wa chooni wasamehe. Walikupa jina la kitu walichokiogopa, nawe ukaenda kukinyoosha. Msusi wako usimsamehe kabla hujampeleka kwa maafisa wa afya, na kichupa chake kikachukuliwe, maana kesho kuna mwingine atalala kwenye kile kiti. Usiniambie unamwonea huruma. Yeye aliihurumia dawa isiharibike.

Limebaki la mumeo. Wifi amenihakikishia hajamwambia neno, anataka ukiri kwa mdomo wako mwenyewe, nami namuunga mkono. Unauliza kama atakuacha. Mtu aliyeacha kazi yake akae akuhesabie pumzi hakuachi kwa sababu ya paji la uso. Ila atakasirika, na usimzuie, kwa kuwa sindano ilikuwa ya kwako, lakini kilio ulimliza yeye, ukakitazama kwa jicho moja, ukanyamaza.

Wifi anasema mumeo naye hununua gazeti hili na huanzia ukurasa huu, kwa hiyo muda wako ni mfupi. Akija kukuona leo, mwombe wifi atoke nje, mwambie mumeo akae, kisha anza na neno “sindano”. Usianze na “samahani”, nakujua, utaishia hapohapo.