Alipoacha Kuomba Vitambaa

Ekero, Kakamega

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku magharibi, ambako mvua inanyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa. Mguu wako unaendeleaje? Umekubali kupumzika, au bado unapanda kilima kwenda shambani alfajiri? Na baridi ya Wundanyi imepungua? Mimi mwili ni mzima. Najua kimya changu kimekutia wasiwasi. Sikuugua, Mama. Niliogopa, na kila niliposhika kalamu niliona nitakudanganya, nikaiweka.

Nilipokuwa nikifunga mizigo uliniuliza, "Ni kazi gani hiyo ya kuwauliza watoto wa watu mambo ya ndani?" Nilikujibu haraka kwa sababu ya aibu. Sasa nikueleze vizuri. Daktari anayetuongoza, mama mmoja wa Nairobi, anataka kujua wasichana wa huku wanaelewa nini kuhusu miili yao: hedhi, mimba, magonjwa, na ni nani aliyewaambia. Mimi huketi nao mmoja mmoja katika chumba cha nyuma cha kanisa. Nauliza, nao wanajibu wakitazama sakafu. Wengi hawajaambiwa lolote na mtu yeyote. Mmoja alipoona damu mara ya kwanza alijificha kwenye banda la ng'ombe akingoja kufa. Kabla ya kuanza, kila msichana namwahidi kwamba atakalosema halitatoka mle ndani.

Huku siku hizi ni miwa tu. Watu wameng'oa mahindi na migomba, wakapanda miwa mpaka ukutani mwa nyumba, maana kiwanda kinainunua yote. Mabati mapya yanang'aa kila upande na baa za hapa Ekero hazifungwi. Lakini miwa ikikomaa inampita mtu kimo, na njia za kwenda mtoni zinapita katikati yake. Ukiwa peke yako husikii kitu ila majani yakisuguana, wala hujui kama ni upepo. Wasichana wanaziogopa njia zile. Nami nimejifunza kuziogopa.

Sasa nikuambie kilichotokea. Kulikuwa na msichana mmoja, nitamwita Nanzala ingawa silo jina lake. Alijibu maswali yangu yote vizuri, kisha akakataa kuinuka kitini.

"Dada," akasema, "yule mama wa ng'ambo ya mto, dawa yake inauanga?"

Nikamuuliza ni dawa gani. Akalia kimya kimya, akifuta machozi kwa kola ya sare. Akaniambia ana mimba, na aliyempa ni mnyapara wa wakata miwa, mtu mzima mwenye wake wawili. Huyo ndiye anayeamua genge lake litaingia shamba la nani kwanza, na shamba likirukwa miwa hukauka. Baba yake Nanzala humkaribisha kwa kuku na kumwita ndugu. Siku moja mtu huyo alimkuta binti kwenye njia ya mtoni.

"Umemwambia mama?"

"Siwezi. Baba atamchapa pamoja na mimi. Na wewe uliahidi, Dada. Uliahidi."

Ni kweli niliahidi. Nilimsihi asinywe chochote, nikamwambia Jumamosi twende wote hospitalini. Akaitikia kwa kichwa. Nilimwandikia Daktari nikimwomba ushauri, lakini barua hadi Nairobi haifiki kwa siku moja. Jumamosi nilisimama njia panda tangu asubuhi hadi mvua ikaninyeshea. Hakuja. Nikarudi nyumbani nikiwa na hofu nisiyoweza kumweleza mtu, hata Mama Makokha, mjane aliyenipangisha chumba.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nafua nguo nilipoona mwanamke akitoka mbio kwenye miwa, hana viatu, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni. Alikuwa mama yake Nanzala.

"Wewe mwalimu wa maswali! Ulimpa nini mtoto wangu? Anatokwa damu, na anataja wewe tu!"

Mama Makokha akanishika mkono. "Usiende. Watu wanasemanga nyinyi mnaleta dawa ya kufunga uzazi. Wakikukuta pale watakuua."

Mama, sitajifanya shujaa kwako. Nilifikiria kuingia chumbani nifunge mlango. Lakini yule mwanamke hakuwa amekuja kupigana. Alikuwa amenishika nguo kama mtu anayezama. Nikaenda.

Nilimkuta Nanzala jikoni, juu ya gunia, uso umekuwa rangi ya majivu. Nje majirani walikuwa wanajaa. Baba yake alisimama mlangoni na panga la kukatia miwa.

"Ndiye huyu!" akapaza sauti. "Ndiye anafunga watoto wetu uzazi!"

Nikamwambia, "Baba, mtoto anakufa. Tumpeleke hospitali kwanza. Nikirudi, nifanyie unavyotaka."

Hakusogea. Ndipo mama yake Nanzala akampita mumewe kana kwamba panga halipo, akainama, akamwinua binti yake kwapani. "Wewe shika miguu," akaniambia. Baba alibaki ameinua mkono. Kisha akaushusha, akatupisha.

Tulimbeba kwa blanketi kupitia njia ile ile ya miwa, wanawake wawili wakitupokea. Wengine walitufuata nyuma wakinitukana, na nilingoja jiwe litue mgongoni. Barabarani mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu wa Mumias, alisimamisha pikapu yake. Alimtazama binti, akasema, "Bismillahi, pandeni," wala hakuuliza lolote hadi tulipofika.

Njiani Nanzala alinishika kidole. Mkono wake ulikuwa baridi. "Usiseme, Dada."

Hospitalini muuguzi akauliza, "Amekunywa nini? Alikuwa na mimba? Semeni haraka." Mama yake alikuwa kando yangu. Nikamtazama Nanzala, amefumba macho. Nikasema yote. Nilivunja ahadi yangu mbele ya mtu yule yule ambaye Nanzala hakutaka asikie.

Walipomwingiza ndani tukabaki kwenye benchi. Nilingoja kofi. Yule mama akasema polepole, "Mimi nilijua. Nilijua alipoacha kuniomba vitambaa vya mwezi."

"Kwa nini hukumuuliza, Mama?"

"Kwetu mama hasemangi hayo na binti yake. Ni kazi ya kukhu, nyanya yake. Na kukhu alishakufa. Nikangoja. Sijui nilingoja nani."

Nanzala alipona, Mungu ashukuriwe, lakini daktari hakuweza kuahidi kwamba atazaa siku za mbele. Baba yake alikuja baadaye na mkungu wa ndizi, akaketi nje ya wodi kutwa nzima bila kuingia. Yule mnyapara bado anatembea na kofia yake. Shamba lao limerukwa, miwa imesimama inakauka. Nanzala aliponiona aligeuzia uso ukutani. Nimekubali. Siku ya pili yake alinigeukia.

Uvumi juu yangu haujafa. Mawe yamerushwa juu ya bati la Mama Makokha, naye amekataa kunifukuza. Sitembei peke yangu, na nikisikia miwa ikisuguana hugeuka kutazama nyuma. Daktari ameniandikia kwamba nikitaka nirudi nyumbani, hatanilaumu. Nilikuwa nimeanza kufunga mizigo, kisha mama yake Nanzala akaja na wanawake wenzake wawili. Waliketi muda mrefu wakizungumzia mvua. Mwishowe mmoja akauliza, "Mtu anaanzaje kumwambia binti?" Mama, hata sisi wawili hatukuwahi kuanza. Niliwaomba warudi Alhamisi, nikafungua mizigo.

Msalimie baba mdogo Mwakio mzee wa kanisa, asiache kuniombea, na shangazi Righa anayetusukia vikapu. Mwambie nyanya nitamletea shuka zito.

Barua zangu husomwa na Mkamburi, mdogo wangu, kwa kuwa macho yako hayaoni maandishi. Ningeweza kuipeleka hii kwa baba mdogo akusomee. Sikufanya hivyo, makusudi. Kwa hiyo Mkamburi ameisoma yote kwa sauti yake mwenyewe, na sasa hivi ameketi mbele yako akiona haya. Ana umri wa Nanzala. Mama, usimtume maji wala kuni. Mwambie akae, uanze wewe.

Mwanao anayekupenda,
Wakio