Wale Samaki wa Kwenye Kioo

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Kibomet tuko salama. Shangazi yako wa Webuye amepata mtoto msichana, na yule ng'ombe bado anapiga watu teke.

Unauliza kama wewe na mwenzako Akinyi mfunge mashine mbili za kutafuta samaki kwenye mashua moja, kila mtu na mashine yake. Niliiweka barua yako chini kwanza, maana nilikumbuka jambo.

Nikiwa kijana huko ziwani, mimi na rafiki yangu Wanjala tulifanya hivyo hivyo. Yake tuliifunga mbele, yangu nyuma, zote za aina moja, zikipiga mlio majini na kusikiliza mwangwi. Vioo vyote viwili vikajaa samaki. Tukatupa nyavu mara nne, zikarudi na maji tu.

"Zima yako tuone," nikamwambia.

"Si uzime yako kwanza, bana."

Tulitahiriwa msimu mmoja, Nafula, na bakoki, watu wa rika moja, hawaamrishani. Tulizunguka ziwa mchana kutwa, hakuna aliyezima. Kisha betri yangu ikaisha yenyewe. Nikageuka, nikaona kioo cha Wanjala kimebaki kitupu.

Ndipo nikaelewa. Kumbe mashine yake ilikuwa ikisikia mlio wa yangu, na yangu mlio wa yake, zikituchorea samaki.

Wanjala alikiangalia kile kioo, akaniangalia mimi. Akasema polepole, "Kwa hivyo nilikuwa nakuvua wewe."

Msalimie Akinyi. Kabla hamjafunga, muulize ni nani atakayezima.

Babu yako