Suke Uliloning'iniza Juu ya Jiko

Kwa mama yangu, kijijini Kinyangiri,

Shikamoo mama. Goti limetulia? Kuku je, wamepona? Mimi mzima, ila baridi ya huku Afrika Kusini inaniingia hadi kwenye meno, na kichwa kimevurugika tangu Neema anitumie picha ya lile suke la mtama uliloning'iniza jikoni lipate moshi.

Mdogo wangu huyo anasema mbegu yake uliikung'uta kwenye upindo wa suruali yangu ya kazi, ulipoifua nilipokuja likizo, ukaipanda nyuma ya jiko kwa kuwa mbegu haitupwi. Hata mimi ningefanya hivyo hivyo, wewe ndiye uliyenilea. Lakini mama, shamba ninalopalilia ni la majaribio. Mtama wake umebadilishwa vinasaba, yaani asili yake imeguswa maabara ili uwe na lishe zaidi. Tukitoka tunapiga buti brashi, na masuke yote yanachomwa.

Nilimuuliza mtaalamu wetu, kana kwamba ni habari za mtu mwingine, mbegu kama hiyo ikiota kijijini italeta nini.

"Ndicho tunachokipima," akasema. "Chavua yake inaweza kushika mtama wa jirani, hata mtama mwitu. Baada ya hapo, bado hatujui."

Kama yeye hajui, mimi nitajua wapi? Tena pembezoni tumepanda mtama wa kawaida, na humo nilipita pia. Sasa mbegu yako ni ya upande gani? Nimeikuza ile picha mpaka macho yameuma. Masuke ya pande zote mbili yanafanana, mama.

Usimpe shangazi. Najua atanuna, kwetu mtu hanyimwi mbegu. Mwambie mchoyo ni mimi. Nilitaka kuandika "lichome", nikakumbuka lilishachanua, na upepo wa kwetu hauulizi mpaka. Mtama wako uko pale pale karibu. Labda nahofia bure, labda sivyo. Naogopa.

Itafute mbegu ya bibi, ile uliyoihifadhi kabla sijaja likizo. Ikiwepo hata kiganja, panda hiyo. Kwenye mavuno ya mwaka huu usitoe mbegu kabisa.

Nisalimie shangazi, Neema, na kaka huko kwenye mizinga yake ya nyuki. Kama mbegu ya bibi imeisha, usimwambie Neema aniandikie. Ngoja nije, uniambie mwenyewe.

Mwanao,
Ester