Hesabu ya Mota ya Kukobolea Kahawa

Kanazi, Bukoba

Mjukuu wangu Koku,

Huku hatujambo. Bibi yako amepona goti, ameanza tena kupalilia migomba.

Unasema wenzako chuoni wamekucheka kwa kukosea nguvu ya mzunguko ya mota, na unauliza kama mimi niliwahi kukosea. Niliwahi, tena mbele ya meneja. Ilikuwa miaka ya ujamaa, nimeajiriwa karibuni katika kiwanda cha kahawa Bukoba. Nilitangaza kwamba mota mpya haina nguvu ya kuzungusha mashine ya kukobolea, irudishwe ilikotoka. Kumbe niligawanya wati kwa mizunguko ya dakika, bila kuigeuza kwanza iwe ya sekunde na kuizidisha kwa mbili na kwa pai. Jibu likapungua karibu mara kumi.

Mkuu wangu, fundi Rwegoshora, aliisoma karatasi yangu. Nikajua nitafukuzwa kazi.

"Meneja, tumekosea hesabu," akasema. "Tupe saa moja."

Hakuwa ameigusa hesabu ile kabla ya hapo. Tuliirudia pamoja, tukaifunga mota kwenye mashine, na kahawa ikakobolewa mpaka jioni. Hakunitajia tena kosa lile.

Niandikie swali lililokushinda, tulifanye wote wawili.

Babu yako akuwazaye