Fyuzi Iliyokuwa Kwenye Leso

Jumamosi. Kemunto amelala.

Sasa nacheka, lakini mchana sikucheka hata kidogo.

Baba Kemunto amepata kazi ya kubadilisha taa za ndani ya bwawa la kuogelea, kwa mzee mmoja hapa Mosocho. Za zamani ziliingia maji zikafa. Hajawahi kushika kazi kama hiyo, na mzee alisema wazi kwamba zisipowaka leo ataita fundi wa Kisumu.

Nilienda kumshikia vifaa. Mimi niliogopa kitu kingine: mume wangu, maji yamemfika kifuani, ameshika waya. Stima alikuwa ameizima, ndiyo, lakini watu wa nyumba ile wanapitapita, na mkono wa mtu kwa swichi... Kwa hivyo nilitoa fyuzi ya taa hizo kimyakimya kwenye kisanduku cha swichi, nikaifunga kwenye pindo la leso niliyombebea Kemunto.

Alipomaliza, akawasha. Hakuna kitu. Akawasha tena.

"Hata moja?" mzee akauliza. "Wacha nipigie yule wa Kisumu."

Baba Kemunto jasho likamtoka. Nilimwonea huruma sana. Nikawa nambembeleza mtoto mgongoni tu, mpaka mkono wangu ukagusa lile fundo. Nikakumbuka fyuzi, nikakimbia kuirudisha mahali pake.

Zikawaka zote tatu. Mzee akasema, "Kumbe fundi ni mama!"

Njiani Baba Kemunto akaniuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ungesema naogopa bure."

Tukafika kwa lango, akanifungulia. Kisha akasema kazi nyingine ya bwawa ikija, nisikose kuja na leso.